Waliomalizia Neno Langu

Hapa kwetu mtu haachwi amalize neno peke yake. Mwalimu akisema "maji yakichemka yanatoa mvu...", darasa zima linapokea "...keee!" Padre akisema "Bwana atujalie ama...", kanisa zima linampa "...ni!" Hata yule anayeuza dawa ya panya mnadani na kipaza sauti chake mkononi hutangaza, "Panya akila hapa, anafia wa...?" na watu ambao hawana hata mpango wa kununua wanamjibu, "...pi!" Nusu ya neno ni ya msemaji, nusu ni yetu. Nilikua hivyo, nikaolewa hivyo, na sikuwahi kujua kwamba hiyo ni tabia. Nilidhani ndivyo watu wanavyozungumza duniani kote.

Sasa najua ni tabia. Imenikosesha kazi.

Nina watoto wawili, nina cheti cha kidato cha nne, na nina Kihispania. Kila ninapotaja hicho cha tatu mtu ananiangalia kama nimesema nina mkia. Kihispania cha nini Babati? Wanaouliza hivyo wamekaa kando ya barabara kuu wakiangalia magari ya watalii yanapita kila siku kwenda mbugani na kurudi, na hawajawahi kujiuliza wale watu ndani ya magari wanaongea nini. Kiingereza kila kijana anacho, au anasema anacho. Lakini wageni wa Kihispania wakija, kambi za watalii zinahangaika kutafuta mtu wa kuwapokea. Mimi nilijiuliza mapema. Ndiyo maana nilimfuata yule sista.

Alikuwa mtawa mzee, mwenye magoti mabovu, aliyezaliwa huko wanakoongea hiyo lugha. Kila Jumamosi mchana alitufundisha katika chumba cha ushonaji cha masista, katikati ya cherehani zilizofunikwa vitambaa. Tulianza wasichana saba. Mmoja akapata kazi ya duka, wawili wakasema lugha ina kelele, wengine wakaacha tu bila kusema. Mwishoni nilibaki peke yangu, na binti yangu wa kwanza akiwa mgongoni.

Somo nililolipenda ni lile la namna. Sista alisema, "Kambini hawatakuuliza kama unaweza kubeba sahani. Kila mtu ana mikono. Watakuuliza unaibebaje." Akanifundisha maneno yanayojibu hilo *je*. Kwanza, alisema, chukua sifa. Lento, yaani mtu au kitu kinachokwenda polepole. Limeishia na *o*, hilo ni la kiume. Livalishe gauni: lenta. Sasa lifunge *mente* kiunoni: lentamente. Umeshapata namna ya kutembea. Rápido, la haraka: rápida, rápidamente. Tranquilo, la utulivu: tranquila, tranquilamente. Yale yasiyo na suruali wala gauni, kama alegre, la furaha, na fácil, rahisi, unayafunga vivyo hivyo yalivyo: alegremente, fácilmente. Na yapo mawili makaidi, bien na mal, vizuri na vibaya, hayo hayafungwi kitu, yanatembea na nguo zao za nyumbani.

Nikamwuliza, "Sista, hata kama anayefanya hiyo kazi ni mwanamume?"

"Hata kama ni jenerali mwenye masharubu."

"Kwa hiyo neno lazima kwanza ligeuzwe la kike, ndipo litumwe kazi."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Andika hiyo," akasema. "Hiyo hutaisahau kamwe."

Nikaiandika kwenye kaunta buku langu. Alinieleza pia kwamba yakifuatana mawili, la kwanza linavua mente, la mwisho peke yake ndilo linalobeba: lenta y cuidadosamente, polepole na kwa uangalifu. Nikamwambia basi la mwisho ni mkamwana. Wote wanatembea mikono mitupu, yeye amebeba ndoo.

Nililipenda somo hilo kwa sababu ya hasira, nisidanganye. Toka nipate akili sijawahi kuulizwa nataka kufanya nini. Nimeambiwa tu namna. Kaa vizuri. Cheka kidogo. Jibu kwa adabu. Tembea kama msichana. Kitendo wameshachagua wao, mimi nimeachiwa namna, na hata hiyo namna hawakuwahi kunifundisha kwa kanuni. Ukikosea ndipo unajua. Hapa angalau palikuwa na kanuni. Ukiifuata, umepata. Hakuna wa kukunyang'anya.

Kitu kimoja tu sista hakukivumilia kwetu. Aliposema "rápida..." akanyamaza kidogo kuvuta pumzi, sisi sote kwa pamoja tulimpa "...mente!" Alipiga meza kwa rula ya ushonaji. "Mtu mmoja, sauti moja! Nilikuwa navuta pumzi, sikuwaita!" Akatuambia kwao ukimmalizia mtu neno umemwambia mbele za watu kwamba halijui. Tukaona aibu. Jumamosi iliyofuata tukafanya tena. Hatukukusudia, mdomo ulijiendea wenyewe.

Halafu magoti yakamshinda, wakamrudisha kwao. Aliniachia namba ya ofisi moja Arusha inayosimamia kambi huku kwetu, na maneno haya: "Piga. Usingoje uwe tayari, hutakuwa." Nikapiga. Wakasema nafasi ikitokea wataniita.

Nafasi ilitokea nikiwa ndani.

Niseme maana ya kuwa ndani. Kwa mama mkwe wangu, kule Bonga, nje kidogo ya Babati, mwanamke aliyejifungua hatoki miezi mitatu. Hagusi jembe, hagusi ndoo, hapigwi na upepo. Analetewa mtori, uji wa ulezi, maziwa ya moto, ugali wenye samli mpaka unaslaidi kwenye sahani. Tumbo linakandwa kwa maji ya moto na kufungwa kanga kila asubuhi. Na kuna sharti lingine ambalo mama mkwe analishika kuliko yote: mama mzazi haachwi peke yake chumbani. Hata dakika moja. Akitoka yeye anamweka binti yangu wa miaka minne kwenye kigoda karibu na kitanda, anamwambia, "Mlinde mama yako." Mume wangu ni utingo wa lori la mbaazi, yuko njiani siku zote, nikimpigia kulalamika ananijibu, "Fanyeni mnavyoona."

Sitamsema vibaya mama mkwe kwa hilo. Kuna wanawake nawajua walijifungua Ijumaa, Jumatatu wako shambani. Yeye, mjane mwenye ekari mbili za mahindi na maharage, aliamka kabla ya jogoo kunichemshia maji, akaenda kulima, akarudi kunipikia. Alinipenda. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angenichukia ingekuwa rahisi.

Basi nilikuwa nimelala mle ndani kama gunia, nanyonyesha na kula, kula na kunyonyesha. Nikaona nitachanganyikiwa. Nikatoa kaunta buku. Nikaanza kusoma kwa sauti, na kwa kuwa hakuna anayesoma kwa sauti bila kupata wa kumwitikia, nikamfundisha binti yangu. Nilimfundisha kwa njia niliyofundishwa mimi darasa la pili, njia ile ile iliyomfanya sista apige meza. Nasema "lenta...", yeye anaruka kwenye kigoda, "...mente!" Nasema "tranquila...", yeye, "...mente!" Nilijua sista angesema nini. Nikasema moyoni, ni mtoto, na sista yuko mbali.

Wiki ya tatu mama mkwe alikuwa ananifunga tumbo. Nikasema "cuidadosa..." kwa kujikumbusha tu.

"...Mente," akasema yeye, kanga mdomoni.

Nikageuka. "Mama, umesemaje?"

"Si ndivyo mnavyosema kutwa? Kila kitu mente. Mimi ni kiziwi?"

Mama mkwe hajui kusoma. Kiswahili chenyewe alijifunza ukubwani, kanisani na sokoni. Nyumbani kwao Mbulu walikuwa na Kiiraqw tu. Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi wangu bila kuomba ruhusa. Alimtuma mjukuu wake kwa Kihispania: "Wewe! Kijiko! Rapidamente!" Akikanda tumbo langu alijisemea, "Lentamente, lentamente," kama anambembeleza ng'ombe. Siku moja jirani aliniletea maziwa, akamkuta anazungumza hivyo na kuku.

"Hicho ni Kimbulu cha wapi?" jirani akauliza.

"Wala. Hicho ni Kispaniola," mama mkwe akajibu, amejaa. "Nasoma na mkwe wangu. Tutakwenda kambini."

"Nani atakuajiri wewe, na meno hayo?"

"Wanataka namna, hawataki meno. Mwulize huyu."

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Nimeandika kicheko hicho kwa sababu sikuwa na kingine baadaye.

Ofisi ya Arusha ilinipigia mtoto akiwa na wiki tano. Nafasi moja, ya mapokezi, katika kambi ambayo wageni wake wengi wanatoka Hispania. Usaili Alhamisi, Arusha. Nikasema nimejifungua. Karani, mdada wa Kitanzania, akasema atauliza. Akarudi na jibu: mama anayesaili amekubali kwa simu, Alhamisi hiyo hiyo, saa tano asubuhi, kwa masharti. Usaili utakuwa Kihispania mwanzo mwisho. Na nitakuwa peke yangu chumbani. "Amesisitiza hilo, dada. Kuna mmoja mwaka jana alikuwa na kaka yake pembeni."

Nilitaka kazi ile kama mtu anavyotaka hewa. Si mshahara tu. Watumishi wa kule wanapewa chumba kambini, na kwa mshahara wao wanaweza kupanga kingine mjini cha kukaa na watoto. Nilishakiona hicho chumba kichwani: kitanda, meza, mlango. Mlango ninaoufunga mimi. Watoto wangu wawili ndani na funguo mfukoni mwangu. Toka nizaliwe sijawahi kuwa na mlango.

Nikamwambia mama mkwe.

"Kwa simu? Vizuri. Hutoki nje. Nitakushikia mtoto."

"Mama, wanataka niwe peke yangu."

"Peke yako na nani?"

"Peke yangu, mama. Mtu mmoja."

Aliweka chini bakuli la mtori. "Mama mzazi wa wiki tano? Nikuache chumbani umefunga mlango, uanguke, utokwe damu, mtoto apaliwe? Halafu mwanangu aje aniulize nilikuwa wapi?"

"Nusu saa tu."

"Dada yangu alikufa kwa muda mfupi kuliko huo," akasema. Hakupandisha sauti. Sikuwa nalijua jambo hilo. "Aliachwa, wakaenda kuchota maji. Waliporudi walimkuta sakafuni."

Nifanye nini na maneno kama hayo? Mtu anakuwekea maiti mezani, wewe una usaili. Nikaomba, nikalia, nikagoma kula mtori jioni nzima. Asubuhi tukapatana: atakaa kwenye kigoda humo ndani, nyuma ya mlango, na mtoto, kimya kama jiwe. Binti yangu atakaa nje uani na kuku. Nikamwapisha. "Mama, hata nikikwama, usiseme kitu." Akasema, "Nitasema nini mimi?" Na nikamwamini, kwa sababu naye alijiamini.

Alhamisi ikafika. Simu yangu ilishakufa sikio tangu iangukie kwenye beseni, kwa hiyo lazima niiweke spika ya nje, na mtandao Bonga unapatikana dirishani tu. Kwa hiyo dirisha wazi, spika wazi, na mimi nimevaa blauzi ya kwendea kanisani kwa ajili ya mtu asiyeniona.

Sauti ilikuwa ya mwanamke, kavu, ya haraka, lakini si mbaya. Akanisalimia. Swali la kwanza: ¿Está usted sola? Uko peke yako?

Nikamwangalia mama mkwe. Alikuwa amekaa wima, mtoto kifuani, macho amenitolea kama yuko misa ya Pasaka.

"Sí," nikasema. "Sola."

Hapo ndipo nilipojiuza. Ningesema, "Hapana, mama mkwe wangu yuko hapa, hajui kusoma, dada yake alikufa akiwa peke yake." Labda angeelewa. Lakini sikuwa na maneno ya dada aliyekufa kwa Kihispania. Nilikuwa na maneno ya namna tu.

Na hayo nilikuwa nayo kweli. Aliniuliza nitampokeaje mgeni aliyefika amechoka. Nikasema nitamsalimu alegremente lakini nitaongea naye tranquilamente. Akaniuliza mgeni akikasirika je? Nitamsikiliza atentamente, kwa makini, sitamjibu rápidamente. Nikamsikia anaandika. Akasema, "Muy bien," na mimi najua *bien* haifungwi kitu, inatosha hivyo ilivyo. Nikaona mlango wangu. Nikaona na kitasa chake.

Akauliza: mizigo ya mgeni utaibeba vipi?

"Llevaré las maletas," nikaanza, nitabeba mabegi, "cuidadosa..."

Mtoto akalia. Maziwa yakanitoka ghafla, yakalowa blauzi, na kwa sekunde hiyo moja, jamani, sekunde moja ya mwili wangu kufanya unachofanya, neno likabaki hewani limekatika.

"MENTE!"

Mama mkwe kutoka nyuma ya mlango. Na uani, kutoka chini ya dirisha, sauti nyembamba, kwa wakati ule ule kabisa: "MENTE!" Bibi na mjukuu. Kama kanisani.

Nikasikia kalamu imeachwa mezani. Kisha: ¿Quién está ahí? Nani yuko hapo?

"Nadie," nikasema. Hakuna mtu.

Na mama mkwe, akiona nimepauka, akadhani woga umenizidi. Akasema kwa sauti ile ya kutia moyo, ile anayomsemea mama anayesukuma: "Endelea, mwanangu. Usiogope. Tupo."

Tupo!

Yule mwanamke hakufoka. Alisema maneno machache, polepole, ili nielewe, na nilielewa yote. Kwamba ameuliza mara mbili. Kwamba swali la kwanza ndilo lililokuwa usaili. Akanishukuru amablemente, kwa ukarimu, hilo nalo nililitambua lilivyofungwa, akakata.

Mama mkwe alisimama akimchezesha mtoto begani. "Umeona? Ulikwama nikakutoa! Niliapa, lakini nikasema, siwezi kumwona mtoto wa mtu anazama namwangalia." Binti yangu akaingia mbio, vumbi mpaka nyusi. "Mama, na mimi nimesema! Umenisikia?"

Sikumwambia kitu siku ile. Nilimchukua mtoto nikamnyonyesha, nikageukia ukutani. Mama mkwe akadhani ni uchovu. Akaenda kuchinja kuku.

Wiki mbili nilikula kuku na uongo. Yeye kwenye jumuiya ya kanisa aliwaambia wanawake wenzake kwamba mkwe wake amesailiwa na wazungu akiwa kitandani, na kwamba yeye mwenyewe, mnayemwona hapa, alitia neno. Wakaja kunipongeza na sukari. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Nikapiga Arusha. Akapokea yule karani. Nikamweleza kwa Kiswahili, lugha ambayo kila kitu ninacho: uzazi, dada wa mama mkwe, mtindo wetu wa kuitikia. Nikamwambia, "Dada, wewe si Mtanzania? Si unajua mwalimu akisema nusu, darasa linasema nusu?"

"Najua, mama," akasema. Tulikuwa tumeanza na *dada*, sasa nilikuwa *mama*. "Hata mimi nilicheka niliposikia. Lakini yeye ameandika kwamba ulikuwa unasomewa majibu. Na nafasi imeshapata mtu."

Unasomewa. Na mwanamke ambaye akipewa barua anaishika juu chini.

Nilikwenda kumwambia. Sikumwambia kwa upole, wala sitaki kujifanya nilikuwa na upole wowote uliobaki. Alikuwa uani anapukuchua maharage. Nikasimama mlangoni, kwenye upepo, mwiko wa uzazi nimeuvunja, nikamwambia yote. Kwamba kazi imekwenda. Kwamba imekwenda kwa mdomo wake. Kwamba nilimwapisha akaapa. Kwamba sitapata mlango mwingine maisha yangu yote, nitakufa nimelindwa.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupukuchua.

"Mimi?" akasema.

"Wewe, mama."

"Nilikuwa nalijua lile neno," akasema. "Ndilo pekee nililokuwa nalijua vizuri." Kisha: "Kwetu ukimwacha mtu akwame mbele za watu, wewe ndiye umemwaibisha."

"Kwao sivyo."

"Ungeniambia."

Nilikuwa nimeambiwa na sista kwa miaka miwili, kwa rula. Nikaenda kumfundisha mtoto wangu kwa kuitikia, ndani ya nyumba yenye bibi mwenye masikio, kwa sababu sijui njia nyingine ya kumfundisha mtu. Hilo sikulisema. Nilikuwa na hasira naye bado, na nilitaka ibaki kwake yote. Nikamwambia kitu kingine, kibaya zaidi. Nikamwambia, "Ungefunga mdomo."

Akaokota harage moja lililoruka, akalirudisha kwenye ungo. "Basi nitaufunga," akasema. "Rudi ndani, upepo."

Miezi mitatu ikaisha, nikatoka. Nikanyolewa nywele, mtoto akapelekwa kanisani. Sasa nauza maandazi karibu na stendi, na magari ya watalii yanapita mbele yangu kama yalivyokuwa yakipita. Juzi moja lilisimama, dirisha likashushwa, nikasikia mama na binti yake wanabishana ndani, na nikaelewa walichobishania: mama anamwambia binti asile harakaharaka. Rápidamente. Nikawauzia maandazi manne. Sikusema hata neno moja. Ingekuwa ya nini? Kaunta buku lipo, kurasa zilizobaki nyuma binti yangu amechora kuku.

Lakini nilitaka kuandika kuhusu Jumapili.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote katika benchi letu. Miaka yote niliyomjua padre akiacha nusu ya neno, sauti yake ndiyo ilifika kwanza, na Kiswahili chake cha milimani kwao Mbulu, na watu walikuwa wakigeuka wakitabasamu. Tangu siku ya maharage hafanyi hivyo. Nilidhani ni siku moja, kisha nikadhani ni kununa. Hajanuna. Ananipikia, ananishikia mtoto nikienda stendi, ananiuliza kama nimekula. Ila hamalizii mtu neno. Hata kuku hawasemeshi tena.

Jumapili iliyopita padre alihubiri juu ya subira. Alifika pale anapopapenda, akainua mkono, akasema, "Kwa hiyo, ndugu zangu, tusikate ta..." Akangoja. Kanisa lote likampa "...maa!" Binti yangu alipiga kelele kuliko wote, amesimama juu ya benchi.

Mimi nilinyamaza. Siku hizi sina nusu ya kumpa mtu. Nikageuka kumwangalia mama mkwe. Midomo yake ilikuwa imebanwa, mkono umekishika kitambaa, na koo lilipanda na kushuka kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Neno alikuwa nalo. Nilingoja alitoe. Ningempa chochote alitoe.

Padre akaendelea na mahubiri.